Paa lililopinduliwa: jinsi ya kutengeneza mfano wa gari linalohimili bomu la ardhini kwa bati, maji na mayai

Baba mdogo alikuwa anaendesha lori amekalia mifuko ya mchanga. Ilikuwa mwaka 1993, anapeleka mahindi ya msaada Msumbiji, mkoa wa Tete. Vita vilikuwa vimekwisha, mkataba wa amani ulishatiwa saini Oktoba 1992, lakini mabomu yaliyofukiwa barabarani yalikuwa bado yapo palepale. Lori lake lilikuwa la kichwa bapa, lile ambalo dereva anakaa juu kabisa ya tairi la mbele. Madereva walijaza mchanga kwenye viroba, wakaviweka sakafuni na kwenye kiti, ndiyo kinga waliyokuwa nayo. Tairi la mbele kulia likakanyaga. Mchanga ulimwachia uhai. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Mimi nachomelea bodi za malori hapa Uyole, Mbeya, na kwa miaka mingi nilikuwa na swali moja: lile lori lingeundwaje ili ashuke kwa miguu yake miwili? Jibu lipo. Lilikuwa limeshapatikana karibu miaka ishirini kabla ya ajali yake. Kila likizo ya Juni nalijenga upya uani kwangu na vijana wa kidato cha tatu wa mtaani, kwa vifaa vya bei ndogo, na hapa naandika namna tunavyofanya ili na wewe uweze.

Kabla ya yote: usitumie baruti, fataki, petroli wala gesi. Hakuna hatua hata moja hapa inayohitaji mlipuko. Maji ya bomba na nyundo ya mpira vinatosha kuonyesha kila kitu muhimu, na mkono wa kijana haupatikani dukani.

Vifaa

Bati bapa la geji 28, vipande vitatu vya sentimita 40 kwa 30. Mabaki haya hupatikana Mwanjelwa kwa mafundi wanaotengeneza majiko na masanduku. Mkasi wa bati na glovu, maana ukingo wa bati unakata kama wembe. Mbao za paini, hizi zetu za Sao Hill, vipande vifupi tu. Mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu. Mpira wa maji. Kopo la maziwa ya unga. Kipima pembe cha shuleni. Nyundo ya mpira, misumari, bolti na nati chache, kitambaa kigumu, uzi wa kushonea viatu, vijiti vya meno, na trei moja ya mayai. Usinunue nusu trei. Utajuta.

Kazi ya kwanza: kukunja tumbo la gari

Nenda Tukuyu siku ya mvua uangalie nyumba. Wilaya ya Rungwe ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana nchini, na hakuna mtu mwenye akili anayejenga paa bapa kule. Wanajenga mgongo wa tembo, tena mkali, ili maji yakigusa tu yateremke pembeni. Sasa lichukue lile paa ulipindue, ncha iangalie chini. Hilo ndilo tumbo la gari linalohimili bomu. Mvua yake inatoka ardhini kwenda juu.

Kipande cha kwanza cha bati kiache bapa. Cha pili kikunje katikati, kila bawa likiwa na sentimita 20, hadi pembe kati ya mabawa iwe digrii 120. Cha tatu kikunje hadi digrii 90. Kunjia kwenye ukingo wa chuma cha pembe, gonga taratibu kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukigonga katikati pekee bati litaweka tumbo na mkunjo hautanyooka. Chini ya kila kipande kilichokunjwa pigilia kabari ya mbao yenye pembe ileile ili kisimame juu ya kopo bila kuyumba.

Kwenye jaribio hili tunamwaga maji kutoka juu kwa sababu ni rahisi kupima, kwa hiyo matumbo yetu yanakaa kama paa la kawaida. Ifunge mizani kwenye mfuko wa nailoni, weka kopo juu yake, weka bati juu ya kopo, rudisha mizani kwenye sifuri. Funga mdomo wa mpira wima, sentimita 30 juu ya bati. Fungua bomba na usiliguse tena mpaka mwisho wa jaribio. Ukitaka kupumzika geuza mpira kando kwenye ndoo. Ukifungua na kufunga, nguvu ya maji haitakuwa ileile na hesabu yako yote itaharibika.

Soma mizani maji yakipiga bati bapa. Kisha geuza mpira kando usome tena, kwa sababu bati bapa linabaki na dimbwi, na uzito wa dimbwi lazima uutoe. Rudia kwa digrii 120, halafu digrii 90, maji yakipiga sawasawa kwenye ncha. Mwaka jana sisi tulipata gramu 170 kwa bati bapa, 90 kwa digrii 120, na 55 kwa digrii 90.

Wape vijana muda wazitazame hizo namba. Bati ni lilelile, geji ileile, maji yaleyale. Hesabu ya fizikia inasema pembe ya digrii 120 inatakiwa kupokea nusu ya msukumo, na ya digrii 90 kama asilimia 29. Sisi tulizidi kidogo kwa sababu mkondo wa maji una unene na haupigi ncha peke yake. Mlipuko wa kweli si maji, ni gesi ya moto pamoja na udongo unaorushwa juu kwa kasi ya kutisha, lakini kanuni ya kuugeuza uende pembeni badala ya kuupokea kifuani ni hiyohiyo. Fundi anayefikiri usalama ni kuongeza unene wa chuma peke yake, mlete mbele ya mizani hii.

Umbo hili lilitoka wapi

Hapa huwa nawakalisha chini, maana historia yake inatugusa sisi watu wa nyanda za juu kusini kuliko wengi wanavyojua.

Desemba 1972 vita vya ukombozi wa Zimbabwe viliingia hatua mpya, na wapiganaji wakaanza kutega mabomu ya kuzuia magari kwenye barabara za vumbi za Rhodesia, kama Zimbabwe ilivyoitwa wakati huo. Mabomu yenyewe yalikuwa ya Kisovieti, kama TM-46 na TM-57, kila moja likibeba karibu kilo 6 za baruti. Jeshi la Rhodesia lilianza kama baba mdogo: viroba vya mchanga kwenye Land Rover, na maji ndani ya matairi ili yameze sehemu ya nguvu. Kisha mafundi wao wakaanza kuunda magari mapya kabisa. Mmoja wao, Ernest Konschel, alitengeneza gari dogo lililoitwa Leopard kwa vipuri vya Volkswagen Kombi: kibanda chembamba chenye tumbo la umbo la V, na magurudumu yamewekwa mbali na watu.

Konschel huyohuyo ndiye aliyeunda Pookie, gari la kutafuta mabomu. Dereva alikaa peke yake kwenye kibanda chenye tumbo la V, na vifaa vya kugundua chuma vikining'inia pembeni. Matairi yake yalikuwa mapana, yale ya magari ya mashindano ya Formula One, na upepo wake ulikuwa mdogo sana, kiasi kwamba gari lilipita juu ya bomu bila kulikandamiza vya kutosha kulipua. Kanuni hiyo hiyo wanayo panya wetu wakubwa wanaofunzwa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine: pua kali na mwili wenye uzito wa kama kilo moja, usioweza kulipua bomu la kuzuia mtu. Magawa, aliyefunzwa huko na kupelekwa Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020.

Afrika Kusini wakaendeleza kazi hiyo. Walianza na Hippo, bodi yenye tumbo la V juu ya chasisi ya Bedford. Mwaka 1978 ikaja Buffel, juu ya chasisi ya lori la Unimog, yenye maji kwenye matairi. Halafu Casspir, jina lililochanganywa kutokana na herufi za CSIR, taasisi ya utafiti, na SAP, polisi wa Afrika Kusini. Casspir ilibuniwa ihimili TM-57 tatu kwa mpigo chini ya gurudumu, au mbili chini ya tumbo.

Sasa vijana huuliza: hawa walikuwa wanajikinga na nani? Nawajibu bila kuzungusha. Walikuwa wanajikinga na watu waliofunzwa kwetu. Mgagao, kule Kilolo mkoani Iringa, ilikuwa kambi ya mafunzo ya ZANLA, jeshi la wapigania uhuru wa Zimbabwe, katika miaka ya 1970. Na Casspir hizo ndizo zilizoingia mitaa ya Waafrika miaka ya 1980 kuwakandamiza watu wasio na silaha. Utaalamu huu ulizaliwa upande wa dhuluma, na wazee wetu waliupinga ule upande kwa haki kabisa. Nami naufundisha kwa moyo wote, kwa sababu baada ya vita Casspir zilibeba wategua mabomu, na wanajeshi wa Umoja wa Afrika nchini Somalia wamepanda Casspir na Mamba, gari jingine la aina hiyo, kulinda raia. Mguu wa dereva hauulizi bati lilikunjwa kwanza na nani.

Wamarekani waliuchukua utaalamu huu kwa ukubwa Iraki. Humvee, magari yao ya kawaida ya jeshi, zilikuwa na tumbo bapa na zilikaa chini, na askari walikufa wengi kwa mabomu ya barabarani. Mei 2007 waziri wao wa ulinzi, Robert Gates, alitangaza kwamba magari ya kuhimili mabomu waliyoyaita MRAP ndiyo kipaumbele cha kwanza cha ununuzi, na yalitengenezwa zaidi ya 20,000, ya kwanza yakisafirishwa kwa ndege ili yawahi. Ukiitazama picha ya MaxxPro, moja ya magari hayo, utaona ni lori: chasisi ya kibiashara ya International, boneti mbele, tumbo la V nyuma yake.

Boneti hiyo ina kazi kubwa. Mlipuko unapungua nguvu haraka sana kadiri unavyokaa mbali nao, na bomu mara nyingi hulipuka chini ya gurudumu la mbele. Dereva akikaa nyuma ya ekseli ya mbele, ana mita moja na zaidi ya chuma na hewa kati yake na moto. Kwenye lori la kichwa bapa amekaa juu ya moto wenyewe.

Kazi ya pili: mayai mawili

Tengeneza fremu ya mbao kama sanduku lisilo na kuta, upana wa sentimita 20, kimo 30. Chini yake pigilia kipande cha bati, hiyo ni sakafu. Liweke sanduku juu ya matofali mawili ili upate nafasi ya kupitisha nyundo kwa chini.

Yai la kwanza liweke sakafuni, ulifunge kwa ukanda wa kitambaa lisibiringike. La pili liweke kwenye kipande cha kitambaa, ulining'inize kwa uzi kutoka juu ya fremu, nao ukanda ulizunguke. Sasa piga sakafu kwa chini, pigo moja kavu, kwa nyundo ya mpira.

Mara ya kwanza tulipofanya hivi, mayai yote mawili yalipasuka. Nilikaa nalitazama lile la kwenye kitambaa kwa muda, sielewi, mpaka binti mmoja akapitisha kidole chini yake: uzi ulikuwa mrefu mno na kitambaa kilikuwa kimegusa sakafu. Kilikuwa kinaning'inia kwa macho tu. Tukakipandisha sentimita 5. Pigo lile lile, sakafu ikabonyea kwa juu kama sufuria iliyodondoka, yai la sakafuni likachanika mwanya mrefu upande mmoja, ute ukitoka polepole kwenye bati. La juu likacheza mara mbili tatu kwenye uzi wake, likatulia zima.

Hivyo ndivyo viti vya magari haya vinavyofanya kazi. Vinafungwa kwenye ukuta au vinaning'inizwa kutoka juu, vina mikanda ya kukaza mabega na kiuno, na miguu inakaa juu ya kiegemeo kilichoshikamana na kiti, kisiguse sakafu. Sakafu ikiruka juu, mifupa ya kifundo na muundi ndiyo inayopokea kwanza, kisha uti wa mgongo. Baba mdogo alikuwepo siku ile, kwenye kiti chake cha plastiki, magongo yameegemezwa ukutani. Alisema, "Kumbe kiti na sakafu vilitakiwa viachane." Kisha akamwomba yule binti apige tena, yai jingine, akitazama sakafu tu.

Rudia pigo ukiwa umeweka nati moja sakafuni. Itaruka mpaka juu ya fremu. Ndiyo maana ndani ya gari la deraya spana, jeki, dumu la maji na kila kisichofungwa kinahesabiwa kama risasi. Hata kwenye lori la kawaida, dereva, hiyo jeki iliyo chini ya kiti chako ifunge leo.

Kazi ya tatu: gurudumu liende zake

Chukua kifuniko cha ndoo ndogo kiwe gurudumu. Kwanza kifunge kwenye fremu kwa bolti na nati, kaza sana, kisha kipige kwa chini. Sanduku zima litaruka nacho. Sasa kitoe, ukishike kwa vijiti viwili vya meno. Piga tena kwa nguvu ileile. Vijiti vitakatika, gurudumu litarushwa pembeni, na sanduku litatikisika kidogo tu.

Wabunifu wa magari haya walikubali kupoteza magurudumu na vipande vya ekseli. Wakavifunga kwa bolti nje ya tumbo, ili vikatike kwenye mlipuko na vibadilishwe hapohapo porini kwa vipuri na winchi. Kwa fundi hili ni gumu kulimeza. Sisi tumefunzwa kwamba kitu kikikatika umekosea. Hapa kinatakiwa kikatike, na mahali pake pa kukatikia unapachagua wewe mapema.

Kazi ya nne: Kitonga mezani

Hii ni fupi lakini usiiruke. Tumbo la V linahitaji kimo, na kimo kina gharama yake. Weka sanduku lako juu ya ubao, jaza mawe chini, inua ubao upande mmoja polepole mpaka sanduku lipinduke, soma pembe. Kisha hamishia mawe juu, rudia.

Kama upana wa kusimamia ni sentimita 20 na kitovu cha uzito kiko sentimita 10 kutoka chini, litapinduka kwenye digrii 45. Kikipanda hadi sentimita 15, litapinduka kwenye digrii 34 hivi. Kila mtu wa hapa ameona lori lililopakiwa juu likilala ubavu Mlima Kitonga au Mlima Nyoka, kwa hiyo hili halihitaji maneno mengi. MRAP za mwanzo zilipinduka mara kwa mara, kwenye kingo za barabara na kando ya mifereji, na kwa milima ya Afghanistan ikabidi kampuni ya Oshkosh itengeneze M-ATV, MRAP nyepesi na yenye springi huru kila gurudumu, kuanzia mwaka 2009. Ndiyo maana pembe ya tumbo si ya kuchongoa bila kikomo. Digrii 90 ilishinda kwenye mizani ya maji. Kwenye ubao huu itashindwa. Waachie vijana wabishane wenyewe ni pembe ipi wachague, na wakudai sababu na wewe.

Mwisho, mchoro

Kausha bati, zipake mafuta machafu kidogo zisishike kutu, utazitumia tena. Kisha mpe kila kikundi karatasi moja wachore lori la mahindi la mwaka 1993 upya, kwa kutumia namba walizopata wenyewe.

Mwaka jana mchoro mmoja ulikuwa na boneti ndefu mbele, tumbo la digrii 120, sakafu ya pili juu ya ile ya kwanza, na kiti kinachoning'inia nyuma ya ekseli. Walimpelekea baba mdogo. Aliushika karibu na macho, akauliza ekseli iko wapi hasa, wakamwonyesha. Akaomba penseli, akafuta kile kiti kwa kidole, akakichora upya sentimita moja nyuma zaidi.